Ukurutu wa mtoto: Usipoziba ufa utajenga ukuta

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tuliiandika katika insha tukiwa shuleni na mwalimu akatupa alama. Lakini mzazi mwenye mtoto wa ukurutu anaishi nayo kila uchao. Ngozi ya mtoto huyo ni ukuta hasa, na nyufa zake ndizo zinazomnyima usingizi yeye pamoja na nyumba nzima.

Msomaji mpenzi, huenda wewe mwenyewe una mtoto wa aina hii. Au labda ni mdogo wako unayebaki naye mama akiwa kazini, au ni mtoto wa jirani ambaye humwona akijikuna viwiko na magoti hadi damu ikatoka. Ugonjwa huu una majina mengi. Wapo wauitao ukurutu, wengine husema pumu ya ngozi, na hospitalini utaambiwa ni ekzema. Uuite utakavyo, dalili zake ni zizo hizo: ngozi kavu, mwasho usiokwisha, na vipele ambavyo huja, vikatulia, kisha vikaamka tena.

Leo nataka tuzungumze juu ya huko kuamka. Kitindamimba wangu, ambaye sasa ana umri wa miaka 9, alianza kuwashwa akiwa na miezi minne. Katika miaka hiyo yote nimejifunza jambo moja ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine: kazi kubwa ya mzazi hufanywa siku ambazo ngozi imetulia, wala si siku ambazo inawasha.

Si uchafu, si kijicho

Kwanza tuondoe lawama, kwa sababu lawama huponza watoto. Mtoto mwenye ukurutu huvuta macho ya watu. Ndani ya matatu, abiria husogea kando. Katika ploti, akina mama huulizana kwa sauti ya chini kama mtoto yule huogeshwa. Mmoja atasema ana damu chafu, mwingine atasema ni kijicho.

Wakati kitindamimba wangu alipokuwa mchanga, nilikuwa nikikutana kliniki na mama mmoja kijana. Mavyaa wake alishikilia kwamba mtoto ana uchafu aliotoka nao upande wa mama. Basi binti wa watu, ili kuwanyamazisha, akawa anamwogesha mtoto mara tatu kwa siku kwa sabuni ya kipande, na maji akiyatia dawa ya kuua viini. Ngozi ya malaika yule ilikauka na kupasuka kama matope ya kiangazi. Kadiri ilivyopasuka ndivyo alivyozidi kulaumiwa, na kadiri alivyolaumiwa ndivyo alivyozidi kusugua.

Ukweli ni kwamba ukurutu hauambukizi, wala hautokani na uchafu. Ngozi ya binadamu imejengwa kama ukuta wa matofali. Chembechembe za juu ni matofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ni saruji. Kwa mtoto mwenye ukurutu saruji hiyo ni haba. Maji yaliyo ndani hutoroka, ngozi ikakauka, na vitu vya nje kama sabuni, vumbi na viini hupenya. Mwili huvipiga vita vitu hivyo, na vita hivyo ndivyo vipele na mwasho unaoviona.

Mnamo mwaka wa 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee kule Uskoti walieleza kwamba watu wengi wenye ukurutu Ulaya wamerithi kasoro katika utengenezaji wa filagrini, protini inayosaidia kuimarisha ukuta huo. Kwetu Waafrika, kasoro hiyo hasa huonekana kwa nadra zaidi, na kuna sababu nyingine za kurithi ambazo bado zinachunguzwa. Ndiyo maana katika jamaa za watoto hawa mara nyingi utakuta mwenye pumu, au anayepiga chafya kutwa vumbi likitifuka.

Kwa hivyo mama, usikubali kubebeshwa mzigo usio wako. Na wewe baba, unapomsikia dada yako au mama yako akimsema mkeo, usinyamaze.

Jambo jingine ni kuutambua ugonjwa wenyewe. Vitabu vingi vya utabibu viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na husema ngozi huwa nyekundu. Kwa mtoto mweusi, wekundu huo hauonekani vyema. Utaona madoa ya kijivu, ya kahawia iliyokolea au yanayoelekea zambarau, na pengine vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ugonjwa ukitulia huacha mabaka meusi au meupe, ambayo aghalabu hufifia baada ya miezi kadhaa.

Aidha, si kila mwasho ni ukurutu. Ikiwa nyumba nzima inajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huenda huo ni upele, ambao huambukiza na una dawa yake. Na duara lenye ukingo ulioinuka huenda likawa choa. Mpeleke mtoto zahanati atazamwe kabla ya kuanza kumtibu.

Dakika tatu baada ya kuoga

Sasa tuje kwenye kazi ya kila siku. Mwogeshe mtoto mara moja kwa siku, kwa maji vuguvugu, na kwa dakika 5 hadi 10 tu. Maji ya moto huyeyusha yale mafuta machache aliyo nayo. Weka kando dodoki na kila kinachokwaruza. Kiganja chako kinatosha. Sabuni iwe isiyo na manukato, na itumike tu mahali palipo na uchafu hasa: kwapani, sehemu za siri, miguuni. Dawa ya kuua viini haina kazi katika beseni la mtoto huyu, ila kama daktari ameagiza.

Huna haja pia ya kununua mafuta ya bei ghali ya kutiwa katika maji ya kuogea. Mwaka wa 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 483, wakakuta mafuta hayo hayakuongeza nafuu yoyote kwa watoto ambao tayari walikuwa wanapakwa mafuta baada ya kuoga.

Na hapa kwenye kupaka ndipo penye siri. Ukimtoa mtoto majini, usimsugue kwa taulo. Mgusegusege tu maji yapungue, kisha mpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi. Mafuta hayo ndiyo saruji ya kuazima. Hufungia maji ndani na kuziba nyufa. Ukingoja mpaka umalize kupika chai ndipo umpake, maji yatakuwa yamekwisha toroka.

Utauliza, nitumie mafuta gani? Mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato, yale yanayouzwa katika kila duka mtaani, yanafaa sana na hayavunji mfuko. Yale yenye picha ya mtoto anayecheka na harufu ya waridi waachie watoto wenye ngozi imara, kwani manukato huwasha. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kuchanganywa na kitu huwafaa watoto wengi. Mafuta ya zeituni, ijapokuwa yanasifiwa, yameonekana kudhoofisha ule ukuta. Mafuta ya karanga nayo usipake kwenye ngozi iliyopasuka, kwa sababu mwili unaweza kujifunza kuzikataa karanga.

Mpake mara mbili kwa siku au zaidi, na usipake kwa ubahili. Mwongozo uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mwaka wa 2007 unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Wengi wetu kopo la kiasi hicho hukaa nalo miezi. Chota kwa kijiko safi badala ya vidole ili usiingize viini koponi, na upake kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo.

Tahadhari moja: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta haya hushika moto upesi. Ikiwa nyumba yako ni ya chumba kimoja na jiko liko hapo hapo, mtoto aliyepakwa asisogee karibu na moto wala mshumaa.

Nisije nikakudanganya. Zipo familia zilizotumaini kwamba kumpaka mafuta mtoto mchanga kutamkinga asipate ukurutu kabisa. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2020, uliohusisha watoto 1,394 waliozaliwa katika jamaa zenye maradhi ya aina hii, ulionyesha kwamba kupaka kila siku katika mwaka wa kwanza hakukuzuia ugonjwa kuanza. Lakini kwa mtoto ambaye tayari anao, mambo ni tofauti. Kupaka mafuta bila kukosa hupunguza idadi ya mara unazoamka na kiasi cha dawa kinachohitajika. Kwa maneno mengine, hatuwezi kumfukuza simba huyu porini, lakini tunaweza kumwacha alale.

Vinavyomwamsha simba

Kila mtoto ana visababu vyake. Sisi tulinunua daftari la shilingi chache, tukawa tunaandika kila mara mwasho ulipoanza: hali ya hewa, nguo, sabuni, mahali tulipokuwa. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa linatueleza mambo ambayo hakuna daktari angeweza kuyabuni.

Kwa sisi wa Nairobi, adui wa kwanza ni hewa kavu. Januari na Februari jua na vumbi hukausha ngozi. Mwezi wa Julai kipupwe huja, na wazazi kwa huruma huchemsha maji ya kuoga mpaka yatoe moshi, kisha humfunga mtoto sweta, kofia na shali za sufu. Sufu huchoma ngozi, na joto la ndani yake huleta jasho ambalo huwasha. Mvishe kwanza fulana ya pamba, ndipo sweta ije juu. Kama shule inadai sweta nzito, shati la mikono mirefu ndani yake litamkinga. Usiku, tandaza leso kuukuu ya pamba kati ya mtoto na blanketi. Leso iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko vitambaa vingi vya dukani.

Adui wa pili ni sabuni ya kufulia inayobaki katika nguo. Maji yakiwa ya mgao, tunasuuza mara moja tukaanika. Nguo za mtoto huyu zinastahili kusuuzwa mara mbili, hata kama za watu wazima zitasubiri kesho. Nguo mpya pia zifuliwe kabla ya kuvaliwa, na za mitumba vilevile.

Wa tatu ni vumbi la nyumbani, lenye wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Anika godoro na mito juani, fua mashuka kila wiki, na ufagie baada ya kunyunyiza maji, mtoto akiwa nje. Moshi wa sigara nao usiingie nyumbani.

Kwa watoto wanaotambaa na wanaoota meno, mate hukwaruza mashavu na kidevu. Paka mafuta kidogo mdomoni kabla ya kumlisha, na ufute kwa kitambaa laini kilicholowa. Kata kucha zake kila wiki akiwa amelala.

Disemba ikifika, wengi wetu hufunga safari. Wanaoteremka Mombasa hupata unyevu ambao hulainisha ngozi, lakini jasho huwa jingi. Mwogeshe mtoto kwa maji ya kawaida akitoka jasho na umpake mafuta mepesi. Akiingia baharini, msuuze chumvi mara tu atokapo. Wanaopanda kwenda mashambani hukutana na moshi wa kuni, paka wa nyumbani, na nyanya mwenye upendo aliyeweka tayari blanketi la sufu. Mbebe mtoto na leso yake na kopo lake la mafuta, na umweleze nyanya kwa heshima. Umpe kazi ya kumpaka mjukuu wake asubuhi, na utaona atakavyoishika kwa bidii kuliko wewe.

Usimfunge mtoto mdomo

Kuna desturi moja inayonitia hofu kuliko vumbi lote la Nairobi. Mtoto akitoka vipele, watu wa nyumbani huanza kumkataza vyakula: leo mayai, kesho maziwa, kesho kutwa samaki na karanga. Baada ya mwaka mtoto anakula uji mtupu, bado anajikuna, na sasa amekonda.

Ni kweli kwamba wapo watoto wachache ambao chakula fulani huwadhuru. Dalili zake aghalabu huonekana upesi baada ya kula: midomo kuvimba, kutapika, mwili kutoka madonge, au kupumua kwa shida. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Lakini kwa walio wengi, chakula si chanzo, na kuwakatisha bila kupimwa huwaletea utapiamlo.

Isitoshe, kunyima kunaweza kuzaa lile tunaloliogopa. Mwaka wa 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 640 wenye ukurutu mkali au waliodhuriwa na mayai. Walianza nao wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 11. Nusu yao walilishwa vyakula vyenye karanga kila wiki na nusu wakanyimwa mpaka miaka 5. Walionyimwa ndio waliokuja kudhuriwa na karanga kwa wingi zaidi. Hata hivyo, ikiwa mwanao ana ukurutu mkali, zungumza na daktari kabla ya kumwonjesha karanga kwa mara ya kwanza, na usimpe karanga nzima maana zitampalia. Mama anyonyeshaye naye ale chakula chake kamili.

Dawa: isikimbiwe, isichezewe

Vipele vikiamka licha ya juhudi zako, daktari ataandika krimu ya steroidi. Dawa za aina hii zimetumika kwenye ngozi tangu mwaka wa 1952, na zikitumiwa inavyostahili ni msaada mkubwa. Kuna wazazi wanaoziogopa hata wanamwacha mtoto ateseke majuma mazima. Na kuna wengine ambao hawaziogopi hata kidogo.

Jirani yangu mmoja aliingia duka la dawa mtaani akaeleza shida ya mwanawe, akauziwa tyubu bila kuulizwa umri wa mtoto. Ndani ya siku tatu ngozi ilikuwa nyororo kama ya yai, na ploti nzima ikataka jina la dawa. Alimpaka mtoto usoni kila siku kwa miezi. Ngozi ikawa nyembamba, mishipa ikaonekana, na kila alipoacha, vipele vilirudi kwa hasira. Daktari aliposoma tyubu alikuta ni klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kabisa. Dawa hiyo hiyo ndiyo huchanganywa kisirisiri katika baadhi ya krimu za kujichubua.

Kwa hivyo soma tyubu. Uso wa mtoto mdogo kwa kawaida huhitaji dawa hafifu kama haidrokotisoni ya asilimia 1. Kipimo ni rahisi: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka kwa siku ulizoambiwa, kisha uache. Na kwa mtoto ambaye vipele hurudi mahali pale pale, daktari huweza kuagiza dawa ipakwe siku mbili kwa wiki hata wakati ngozi imetulia. Waona basi? Hata madaktari hufanya kazi yao siku za utulivu.

Usingoje, nenda hospitali upesi, ukiona usaha au magamba ya manjano, homa, au malengelenge madogo yenye maumivu yanayoenea haraka. Huenda viini vimeingia kupitia nyufa. Mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto huyu kamwe. Chanjo zake za kawaida apewe zote kwa wakati wake.

Usiku ni mrefu

Sitaki nikuache bila kutaja usiku. Mwasho huzidi taa zikizimwa. Mtoto asiyelala huwa mkali mchana, husinzia darasani, na mwalimu humwita mzembe. Mweleze mwalimu mapema. Mwombe akae mbali na dirisha lenye jua, na aruhusiwe kujipaka mafuta wakati wa mapumziko. Waeleze pia wenzake kwamba hauambukizi, kwa sababu jina la utani huuma kuliko mwasho.

Nyumbani, gawaneni zamu. Kama baba anaweza kuchukua usiku mmoja na mama mwingine, au kaka mkubwa akampaka mdogo wake mafuta kabla ya kulala, mzigo huwa mwepesi. Kumwambia mtoto "acha kujikuna" hakumsaidii. Mpe kazi ya mikono, mwekee kitambaa kilicholowa maji baridi penye mwasho, kisha umpake.

Watoto wengi hupata nafuu kubwa wanapokua. Wangu bado huamshwa na Julai, lakini siku zake mbaya sasa nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja katika msimu mzima. Amejifunza kujipaka mwenyewe, na hutukumbusha sisi tunaposahau.

Basi ukimaliza kusoma ukurasa huu, mwite mwanao. Pitisha kiganja chako taratibu kwenye muundi wake, nyuma ya magoti na ndani ya viwiko. Hata kama hakuna kipele kinachoonekana, ukihisi ngozi inakwaruza kama gunia, ufa ndio huo. Uzibe leo jioni, angali anacheka.